Maswali ya Wasomaji: Kambi ya RV yenye intaneti ya kutegemewa

SWALI: Mimi na mume wangu tuna ekari 6 nje ya Fort Worth, Texas. Tunataka kuweka nafasi 12 za RV (magari na tela za kuishi safarini) kwa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa safarini. Ofisi iko karibu na barabara, na nafasi ya mwisho iko futi 600 kutoka hapo. Jamaa ametushauri tununue dishi moja la Starlink (intaneti ya setilaiti) na vikuza mawimbi viwili vya Wi-Fi. Vitatosha? – M.K.

JIBU: Havitatosha, dada, na kosa haliko kwenye dishi. Kikuza mawimbi cha kawaida hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo kila hatua hula karibu nusu ya kasi. Mteja wa nafasi ya 12, akipitia vikuza viwili, atabaki na kama robo, tena jioni, wakati kambi nzima imewasha televisheni.

Halafu kuna RV yenyewe. Nyingi zina ukuta wa alumini, nyingine na foili ya kuzuia joto ndani. Ndiyo maana utasikia malalamiko kwamba simu inaonyesha vijiti vyote lakini ukurasa haufunguki: kifaa cha Wi-Fi cha ofisini kina nguvu ya kuifikia simu, simu haina nguvu ya kukijibu. Ukiongeza nguvu ya kifaa hicho hujaponya kitu. Dawa ni kukisogeza karibu.

Mitaro ya umeme na maji itachimbwa hata hivyo, basi fanyeni kazi ya mtandao humohumo kabla udongo haujarudishwa. Pigeni simu 811 siku chache kabla ya kuchimba, waje kuweka alama palipo na mabomba na nyaya za ardhini; ni bure. Lazeni paipu ya inchi 1 ya mtandao, ikiwa imeachana na paipu ya umeme kwa inchi 12 za udongo, na acheni kamba ya kuvutia ndani yake hadi kwenye kila nguzo ya soketi. Tumieni kona za mviringo. Kona kali mbili tu zinatosha kumshinda fundi wa kuvuta waya.

Waya wa shaba wa mtandao una kikomo cha mita 100, yaani futi 328. Kwa hiyo kutoka ofisini vuteni faiba (waya wa nyuzi za kioo unaopeleka data kwa mwanga) ya modi moja, ile ya masafa marefu, isiyo na chuma ndani, hadi kwenye kasha la vifaa lililo katikati ya safu ya nafasi. Faiba haipitishi umeme wa radi, na Texas radi si jambo la kubahatisha. Kutoka kwenye kasha, tumieni waya wa shaba wa mtandao aina ya Cat6, wa nje, wenye jeli ya kuzuia maji, kwa sababu paipu ya ardhini huingia maji hata fundi akikuapia kwamba haitaingia. Kataeni waya wa bei chee wa alumini iliyopakwa shaba: hupata joto na kupoteza volti vifaa vikilishwa umeme kupitia waya huohuo. Swichi, yaani kifaa cha kugawa mtandao kwenye nyaya, iwe ya viwandani, inayovumilia nyuzi 70 za Selsiasi, kasha liwe jeupe na kivulini. Zibeni midomo ya paipu kwa mastiki, la sivyo siafu wekundu watajenga humo na kuharibu viunganishi.

Vifaa vya kurusha Wi-Fi viwe vitatu, kila kimoja kwa nafasi nne, kwenye nguzo za futi 12 hadi 15. Kwenye masafa ya 2.4 GHz wekeni chaneli 1, 6 na 11, upana MHz 20, na nguvu ya chini.

Kuhusu kasi: televisheni ya picha safi (1080p) inataka kama Mbps 5 (megabiti kwa sekunde), ya picha safi zaidi (4K) kama 15. Mbps 300 za kushusha zitawafaa. Kinachosahaulika ni kupandisha, yaani data inayotoka kwa mteja kwenda mtandaoni. Watu wanne mkutanoni kwa video hula Mbps 12 hadi 16, na mmoja akipandisha picha zake, sauti za wengine zinakatikakatika. Wekeni kikomo cha Mbps 25 kushusha na 5 kupandisha kwa kila nafasi, na muwashe kwenye ruta upangaji wa foleni, unaozuia mtu mmoja kuwaziba wengine, kwa asilimia 90 ya kasi mliyopima. Kama faiba ya kampuni inafika barabarani, chukueni hiyo, na Starlink au laini ya simu iwe akiba. Someni mkataba kwanza; vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu kugawia wateja.

Msiweke ukurasa wa kuingilia, ule unaomtaka mgeni ajisajili kabla ya kupata intaneti. Televisheni na printa nyingi haziwezi kuufungua. Kila nafasi ipewe nywila yake na mtandao wake mdogo, ibadilishwe mgeni akiondoka. Mashine ya kadi ya ofisini iwe peke yake.

SWALI: Fundi anasema umeme wa ampea 200 unatosha nafasi hizo, 8 za ampea 50 na 4 za ampea 30. – M.K.

JIBU: Mwambie apige hesabu mbele yenu. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC kifungu 551, katika matoleo ya karibuni huhesabu nafasi ya ampea 50 kuwa VA 12,000 (volti mara ampea) na ya ampea 30 kuwa VA 3,600. Jumla ni 110,400. Kwa kuwa si wote hutumia umeme mwingi kwa pamoja, kwa nafasi 10 hadi 12 inaruhusu kuchukua asilimia 50, yaani 55,200. Gawanya kwa volti 240, unapata ampea 230. Hapo bado ofisi, mashine za kufulia na pampu ya kisima. Ombeni ampea 400. Hesabu ya kanuni ni kiwango cha chini tu, na Agosti viyoyozi vyote huwaka saa zilezile. Waya mwembamba kwenye safu ndefu hushusha volti, na volti ndogo huua kompresa za wageni.

SWALI: Nafasi za kando ya kijito zingependwa zaidi. Tuzitumie? – M.K.

JIBU: Angalieni ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa, kabla ya kuchora chochote. Julai 4, 2025, Mto Guadalupe ulifurika katika Kaunti ya Kerr kabla ya mapambazuko na kusomba kambi za RV za ukingoni. Kando ya kijito wekeni meza na viti. RV, kasha la mtandao na paneli ya umeme vikae juu.