Wanajua kanuni, ila hawaoni ukubwa wa namba

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 wanaojua kubeba na kukopa, lakini wakipata 4 × 0.5 = 20 wanakukabidhi daftari bila wasiwasi wowote. Nimefundisha watoto wa aina hiyo miaka kadhaa, na mwanzoni niliwaumiza kwa nia njema: niliwaongezea mazoezi, tena kwa kuwapima kwa saa. Walizidi kukosea, wakazidi kuliogopa somo.

Tatizo si la darasa lako peke yake. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa huko Marekani, watoto wa miaka 13 waliambiwa wakadirie 12/13 + 7/8. Miongoni mwa majibu ya kuchagua yalikuwepo 1, 2, 19 na 21. Kila sehemu pale inakaribia 1, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolichagua ni 24 tu katika kila 100. Wengi walikimbilia 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu, au za chini, basi. Kwao 12/13 haikuwa namba moja. Ilikuwa namba mbili zilizotengwa na mstari.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kamba. Niliifunga ukutani, 0 upande huu na 1 upande ule, nikaandika sehemu kwenye vipande vya karatasi vya kubanwa kwa vibanio vya nguo. Msichana mmoja alibana 1/3, kisha 1/4 akaipeleka mbele yake, karibu zaidi na 1. Nikamuuliza kwa nini. "Nne ni kubwa kuliko tatu." Sikumsahihisha. Nilimpa karatasi mbili ndefu zinazolingana, moja aikunje iwe vipande vitatu sawasawa, nyingine vinne, halafu aweke kipande kimoja juu ya kingine. Alivitazama muda mrefu, akarudi kwenye kamba mwenyewe, akabandua 1/4 na kuirudisha nyuma. Kisha akauliza, "Kwa hiyo 1/10 iko huku kabisa?" Swali hilo sikuwahi kulipata kwa kuandika kanuni ubaoni.

Kwenye desimali, sikiliza wanavyosoma. Anayesoma 0.35 "sifuri nukta thelathini na tano" ataiona kubwa kuliko 0.4, maana 35 inaizidi 4. Mimi nawataka waseme "sifuri nukta tatu tano", na tukilinganisha tuseme: sehemu 35 za mia, na sehemu 4 za kumi ambazo ni 40 za mia. Halafu zote zinakwenda kwenye kamba.

Jambo la pili ni kukadiria kabla ya kalamu. Darasani kwangu hakuna anayeanza kukokotoa 4 × 0.5 kabla hajasema jibu litakuwa zaidi ya 4 au pungufu. Wengi huamini kuzidisha lazima kukuze na kugawanya lazima kupunguze, na imani hiyo haiondoki kwa kukemewa. Waulize 6 ÷ ½ kwa maneno: mna nusu ngapi ndani ya 6? Mtoto aliyehesabu nusu 12 kwa kidole hahitaji kushawishiwa.

Tatu, hesabu za kichwa zenye maelezo. Naandika moja tu, mfano 18 × 5, kalamu chini, na ninachotaka hasa ni njia. Mmoja atasema 20 × 5 utoe 10. Mwingine 10 × 5 na 8 × 5. Kijana mmoja ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono alisema, "Tisa mara kumi." Wenzake wakamgeukia. Akaeleza: 18 nimeikata nusu, 5 nimeifanya mara mbili. Niliandika njia yake ubaoni na kuiacha pale wiki nzima, na wenzake wakaanza kuijaribu kwenye 14 × 5 na 16 × 25.

Jedwali la kuzidisha bado walijue kwa kichwa, sipingi. Ila wajengee kutoka kwenye wanachokijua: asiyekumbuka 7 × 8 huenda anakumbuka 7 × 4, basi aizidishe mara mbili.

Kuhusu hofu yako ya kuchelewa mada za muhula: mimi natumia dakika 10 za mwanzo wa kipindi, kila siku, kisha mada inaendelea kama kawaida. Mabadiliko sikuyaona wiki ya kwanza wala ya pili. Niliyaona pale walipoanza kufuta majibu yao wenyewe kabla sijafika mezani kwao.

Kesho anza na kamba na ½ peke yake. Akitokea wa kuibana karibu na 0 kwa sababu 1 na 2 ni namba ndogo, usimwambie amekosea. Mpe karatasi aikunje.