Siti ya leza iking'aa sana ujue bado chafu

Mwaka juzi nilimpakia baba mkwe kutoka Dar kwenda Bagamoyo kwenye harusi. Mzee kapiga kanzu nyeupe imenyooshwa pasi hasa, na mimi nimetoka kuosha gari asubuhi ileile, siti zinang'aa utadhani zimepakwa samli. Tumefika, mzee anashuka, kugeuka hivi, kuanzia mgongoni mpaka pa kukalia kuna ramani ya rangi ya udongo. Hakugomba. Akaishika ile kanzu, akaiangalia, akaniangalia na mimi, akasema "haya baba, twende", basi harusi nzima kaegemea ukuta. Yaani nilitamani ardhi ipasuke.

Gari ni Harrier ile ya kizazi cha pili, tako la nyani kama wenyewe tunavyoiita, na siti zake ni za leza, yaani ngozi, rangi ya krimu. Kila Jumamosi nilikuwa naiacha kwa vijana wanaoosha magari, wanasugua siti kwa brashi ngumu na povu la sabuni ya unga, wakimaliza wanapulizia ile dawa ya kung'arisha dashibodi mpaka ukikaa unateleza, na mimi bwege naongeza buku mbili ya ahsante kwa ajili ya ule mng'ao. Kumbe dawa zile nyingi ni mafuta ya silikoni, haziingii popote, zinakaa juujuu zinakamata vumbi, joto likipanda zinalegea na kuhamia kwenye nguo ya aliyekaa. Kanzu ya mzee ilikuwa imefuta uchafu wangu wa miezi.

Baada ya aibu ile nikaenda kwa fundi siti mmoja, mtu mzima, haongei sana. Akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha na kukikamua, akapitisha mara tatu kwenye ile nundu ya pembeni ya siti ya dereva, upande wa mlango, pale ambapo kila ukipanda na kushuka unapakwangua na suruali. Kitambaa kikatoka rangi ya chai ya maziwa. Halafu akaniambia angalia alipofuta. Pamepooza, hapang'ai hata kidogo. "Bosi, hii ndo siti yako. Huko kwingine ni jasho na mafuta."

Hapo ndo akili ikanikaa sawa. Leza ya gari ikitoka kiwandani nyingi huwa haing'ai, iko kama ngozi ya mkono uliokauka vizuri. Ukiona inang'aa ujue ama kuna uchafu wa ngozi zetu umejipaka hapo, ama kuna mtu kapuliza dawa, ama pamesuguliwa mpaka pamelainika. Angalia na usukani wako, pale unaposhika ndo panang'aa kuliko kote, si ndio?

Kitu kingine ambacho wengi hatujui ni kwamba leza ya magari mengi imepigwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba la kuilinda, linafanana na plastiki. Kwa hiyo unachoosha ni ile rangi, ngozi yenyewe iko chini huko haikuoni. Tonesha maji tone moja mahali pa kificho, likikaa juu kama tone kwenye jani la gimbi basi siti yako ni hiyo ya tabaka, likinywewa na pakawa peusi basi ni ngozi isiyofunikwa au tabaka limeshaisha, hapo nenda taratibu sana maana kila kitu kitaingia. Na ndo sababu habari ya kulisha ngozi mafuta ya nazi kwenye siti ya tabaka haina maana. Nimeyapaka mimi mwenyewe kwa ushauri wa nyumbani, hayakuingia popote, yalijaa kwenye vile vitundu vidogo vya siti, baada ya wiki mbili gari inanuka kama kikaango.

Sabuni ya unga ndo adui mwenyewe. Ngozi ikishatengenezwa inabaki na asidi kidogo, sabuni ile ni alikali kali, inakula lile tabaka na ikipenya kwenye nyuzi na nyufa ngozi inakauka na kukakamaa. Kwangu siti ya dereva ilianza kupasuka vimistari, halafu rangi ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu.

Sasa hivi naosha mwenyewe kivulini, haizidi saa moja. Naanza na vakyumu, hasa kwenye mishono, kwa sababu mchanga ukiusugua umeshageuka msasa. Halafu maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni laini ya maji, ile ya kuogeshea mtoto inatosha kama huna dawa ya leza yenyewe. Povu naliweka kwenye brashi laini au kitambaa, simwagi kwenye siti, nasugua kwa mizunguko kipande kidogo kidogo, nafuta kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, nakausha na kikavu, naacha milango wazi. Kama siti zako zina vitundu ndo usithubutu kumwaga maji, yanaishia kwenye sponji. Na chini ya siti kuna plagi za umeme, nyingine za eabegi, zikiingia maji taa ya eabegi itakuwakia kwenye dashibodi na hapo unaanza kumtafuta fundi umeme. Kazi nzima hii kila miezi miwili au mitatu, katikati hapo kitambaa kibichi tu. Nikimaliza napaka dawa ya kulinda leza, ile ambayo ikikauka haiachi utelezi. Ukiona inateleza irudishe dukani.

Jinzi mpya na siti ya krimu haviivani, rangi ya bluu inahamia, iwahi siku hiyohiyo ukisubiri mwezi imeshaingia kwenye tabaka. Jamaa yangu alisugua ya kwake kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, bluu ilitoka kweli, na krimu ikatoka. Sanitaiza nayo ni hivyohivyo, tangu 2020 nimeona usukani mwingi umebanduka kwa spiriti ya mikononi, subiri mikono ikauke kwanza. Na ukishauriwa kupaka rangi ya viatu kwenye siti nyeusi, kimbia.

Kuna wale wenzangu mnaoacha nailoni juu ya siti ili watu wajue gari imetoka bandarini juzi. Itoeni jamani. Masika ya Dar unyevu unanasa humo ndani, ukiifungua Juni unakuta ukungu mweupe. Ukungu ukitokea ufute na kitambaa kikavu huku gari iko wazi, usiupulize, halafu osha kama nilivyosema na uache hewa ipite mpaka ikauke kabisa. Jua nalo kali, weka kile kizuizi cha kioo cha mbele hata kama unaingia dukani nusu saa.

Nyufa zangu sikuweza kuzirudisha kwa kuosha, hakuna dawa ya kupaka inayofunga ufa. Yule fundi alisafisha, akajaza, akachanganya rangi mara nne ndo ikalingana, na bado ukiinama kwa karibu unaona.

Baba mkwe bado anapanda gari yangu. Ila kabla hajakaa anapitisha kiganja kwenye siti, anakigeuza, anakiangalia, ndo anaingia.