Faili Lipo, Programu Haifungui

SWALI: Asalam aleikum fundi. Nimeandika programu ndogo ya Python ya kuhesabu mali kwa duka la ami yangu la spea hapa Mwembe Tayari, inasoma mafaili mawili, 'C:\duka\Data\mauzo.csv' na 'C:\duka\Data\bei.csv'. Sasa mauzo inafunguka poa lakini bei inagoma kabisa, na faili naliona hili hapa kwa folda! Mwenzangu akaichukua kwa laptopu yake ya Linux, hata mauzo ikagoma. Shida nini?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mafaili yako hayana neno, shida ni vile umeandika njia ya kuyafikia. Tazama hapo kabla ya bei, kuna slashi ya nyuma (\) halafu b, na Python ikiziona hizo mbili zimeshikana huzisoma kama alama moja ya bakispesi, kwa hivyo Windows inaletewa jina ambalo haliwezi kuwa jina la faili. Mauzo imepona tu kwa sababu slashi ya nyuma na m hazina maana maalum, lakini usistarehe, kuanzia Python 3.12 hata hiyo yatoa onyo, na siku ukiongeza namba.csv itagoma vilevile maana \n ni mstari mpya. Tumia slashi ya mbele (/), Windows yaikubali bila maneno. (Hii ya nyuma ilikuja na folda za MS-DOS 2.0, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows, mwaka 1983, ile ya mbele ilikuwa ishashikwa na opsheni za amri.)

Kwa mwenzako sasa. Linux haina C:, na slashi ya nyuma kwake ni herufi tu kama herufi nyingine, kwa hivyo ilikuwa yatafuta faili moja lenye jina refuu, si folda ndani ya folda. Ndio nasema programu isijue kabisa laptopu ya mtu, ianzie pale ilipo yenyewe, na folda ya data ikae hapo hapo kando yake:

from pathlib import Path
HAPA = Path(__file__).resolve().parent
bei = HAPA / "data" / "bei.csv"

Pathlib, maktaba ya kushughulikia njia za mafaili, iko ndani ya Python tangu 3.4, huna haja ya kuinstoli chochote, na hata ami akiifungua kutoka folda nyingine itafanya kazi.

Umeona nimeandika data kwa herufi ndogo? Windows haijali, lakini kwa Linux Data na data ni folda mbili tofauti, na hili huwatesa watu sana, kwa hivyo folda yako nayo igeuze jina iwe data. Kama mwatumiana kazi kwa Git (ile programu ya kutunza na kugawana kodi), ukibadilisha jina kwa Windows kwa mkono Git yaweza isione kitu, so pitia jina la katikati: git mv Data data2, halafu git mv data2 data, ukomiti, umwambie mwenzako avute upya.