Maswali ya wafugaji: Karanga ya kudumu inayokawia kufunika shamba

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi kaskazini mwa Florida, Marekani, ambako nimekodi shamba la udongo wa kichanga na ninafuga ng'ombe 12 wa nyama. Nilipanda karanga ya kudumu, ile ya malisho ya mifugo, mwezi Februari, na sasa, miezi minane baadaye, naona majani machache tu yaliyomezwa na nyasi ya bermuda. Jirani ananishauri nilime upya. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usilime kwanza. Aina hii, tofauti na karanga tunazokaanga, huzaa mbegu chache mno, na ndiyo maana ulipanda vipande vya mashina yake yatambaayo chini ya udongo; mwaka wa kwanza, na mara nyingi wa pili pia, mmea hutumia nguvu zake kuyasambaza mashina hayo kabla ya kuonyesha chochote cha maana juu. Fukua kidogo kwa mkono katika sehemu kadhaa, uvunje kipande kimoja kimoja: kikiwa kigumu na chenye unyevu ndani, shamba lako li hai.

Tatizo lako ni hiyo bermuda, ambayo ilipaswa kuangamizwa kabla ya kupanda. Kwa sasa ifyeke juu kidogo ya majani ya karanga kila inapoyatia kivuli, na usithubutu kuweka mbolea ya naitrojeni, kwa sababu karanga, kama mikunde mingine, hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hivyo kwa mbolea hiyo utakuwa unamlisha adui, yaani bermuda.

Mmea huu uliletwa Florida kutoka Brazili mwaka 1936, na mchanga wa huko umeupenda. Hustahimili ukame, wala hauwavimbishi ng'ombe matumbo kama zifanyavyo baadhi ya klova, mikunde mingine ya malisho. Usichokiweza ni maji yaliyotuama, kwa hiyo kona yoyote inayotuamisha maji iachie nyasi.

Ng'ombe wasiingie mpaka karanga iwe imeufunika udongo. Siku hiyo ikifika, walishe kwa zamu, uwatoe majani yangali na kimo cha sentimeta 10 hivi, kisha uyapumzishe wiki kadhaa. Jalidi ikianguka majani yatakauka yote. Usishtuke, yatachipua tena majira ya kuchipua, na hapo ndipo utakapoweza kupima kwa haki kama kuna mapengo ya kupandia upya.