Maswali ya wasomaji: mafao ya uzeeni, ya mjane na ya ulemavu Marekani

Barua tulizochagua zote zinahusu Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani. Viwango vya dola ni vya mwaka 2025. Vingi hubadilika kila Januari.

*Nimefanya kazi Marekani miaka minane na nataka kurudi Kenya moja kwa moja. Nitarudishiwa michango yangu?*

Hapana, ndugu. Ile asilimia 6.2 inayokatwa kwenye mshahara wako, pamoja na nyingine kama hiyo anayolipa mwajiri, hairudi hata senti. Unachoondoka nacho ni pointi. Kila dola 1,810 za kipato zinakupa pointi moja, mwisho nne kwa mwaka, na pensheni ya uzeeni inadai 40. Kama hukuruka mwaka, una 32. Pointi hazifi: ukija tena baadaye ukafanya kazi miaka miwili, zinaendelea pale zilipoishia. Michango ya NSSF ya Kenya haiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu Marekani haina mkataba na Kenya wa kujumlisha vipindi vya kazi. Na hata ukifikisha 40, usitarajie makubwa. Hesabu inachukua miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi, hivyo aliyefanya kazi miaka kumi anaingiziwa sifuri 25.

*Nina miaka 61. Mume wangu amefariki kabla hajaanza kupokea pensheni. Nami nimechangia miaka 22. Naambiwa siwezi kulipwa zote mbili. Nichague ipi?*

Pole sana kwa msiba, mama. Waliokuambia hivyo hawakukosea, unalipwa iliyo kubwa tu. Lakini kuna jambo wameliacha: mjane anaruhusiwa kuanza na fao moja, kisha akahamia la pili likiwa limekua.

Fao la mjane linaanza miaka 60, kwa asilimia 71.5 ya pensheni ambayo marehemu angestahili, na kwa umri wako linafika asilimia 100 ukitimiza 67. Baada ya hapo haliongezeki tena. Pensheni yako mwenyewe inaanza miaka 62 kwa asilimia 70, inakuwa kamili miaka 67, halafu inapanda asilimia 8 kila mwaka hadi 70. Kwa hiyo omba upewe tarakimu mbili: pensheni yako ukiwa na miaka 70, na fao la mjane ukiwa na 67. Ikiwa yako ndiyo kubwa, chukua la mjane sasa na uiache yako ikue. Ikiwa la mumeo ndilo kubwa, chukua yako ukifika 62, ingawa imepunguzwa, kisha uhamie la mjane ukitimiza 67.

Wengi huteleza kwenye fomu. Ombi la mjane halijazwi mtandaoni. Ni kwa simu au ofisini, na karani anaweza kuandika kwamba unaomba kila fao unalostahili, hasa ukienda ukiwa umeshatimiza 62. Mwambie aandike kwenye sehemu ya maelezo kwamba unaomba fao la mjane pekee. Soma kabla ya kusaini. Cheti cha kifo na cha ndoa viwe halisi, au nakala zilizothibitishwa na ofisi iliyovitoa. Fotokopi ya kawaida watakurudishia.

Kama bado unafanya kazi, kila dola 2 unazopata juu ya 23,400 kwa mwaka zinazuia dola 1 ya fao, mpaka utimize umri kamili. Kuolewa tena hakukudhuru, maana umeshapita 60.

*Kuna pesa ya mazishi?*

Dola 255, mara moja tu, na iombwe ndani ya miaka miwili. Ndiyo, hatukukosea kuandika.

*Nina miaka 44, mgongo umeniharibikia, siendeshi tena lori. Ombi la ulemavu limekataliwa. Nianze upya?*

Usianze upya. Kata rufaa ndani ya siku 60 tangu upokee barua. Wao huhesabu kuwa umeipokea siku ya tano baada ya tarehe iliyoandikwa. Ombi jipya linakupotezea tarehe ya lile la kwanza, na malimbikizo yanayoendana nayo. Zaidi ya hapo, kwa umri wako bima ya ulemavu inadai pointi 20 ndani ya miaka 10 iliyopita. Tangu ulipoacha kazi, zile za zamani zinatoka kwenye dirisha hilo moja moja.

Kwenye rufaa, jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Daktari aandike unaweza kukaa na kusimama muda gani, unainua uzito gani, na kwamba hali hiyo itadumu miezi 12 au zaidi. Miezi uliyokaa bila matibabu huwa wanaiuliza, kwa hiyo ieleze sababu yake. Ukikataliwa tena, omba kusikilizwa na jaji. Wakili huwa halipwi mpaka ushinde: asilimia 25 ya malimbikizo, kwa kawaida isiyozidi dola 9,200. Malipo yenyewe yanaanza mwezi kamili wa sita tangu ulemavu uanze, na bima ya matibabu ya Medicare hufuata miezi 24 baadaye.