Kubadilisha giaboksi ya elevata ya mahindi: mota ya kilowati 4, uwiano na aina ya kaplingi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba giaboksi ya womu (skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno ya shaba) inayoendesha elevata ya ndoo (mkanda wenye ndoo unaopandisha nafaka) katika kinu chenu cha unga imekufa, kwamba ilikuwa ya uwiano wa 20 kwa 1, na kwamba dukani umepata ya 30 kwa 1 ambayo mota yenu ya kilowati 4 inaingia bila shida. Umeuliza pia kama kaplingi (kiungo cha kuunganisha shafti mbili) ya mnyororo itafaa upande wa mota, endapo utachukua giaboksi isiyo na flanji (bamba la mviringo la kufungia mota kwa boliti). Mimi ni fundi wa mashine za nafaka, na ushauri wangu ni kwamba usiinunue hiyo ya 30 kabla ya kupiga hesabu ya upande wa kutokea, kwa sababu kule ndiko kazi inakofanyika.

Kuingia hakuthibitishi chochote. Kwa vipimo vya kimataifa vya mota, yaani IEC, mota za mizunguko 1,440 hivi za kilowati 2.2, 3 na 4 zote huwa na shafti ya milimita 28 na flanji kubwa ya milimita 250, kwa hiyo giaboksi iliyotengenezwa kwa ajili ya mota ndogo itaipokea ya kwako kwa ukarimu wote, kisha meno yake ya shaba yaanze kulika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha kilowati kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko ya kwenye kibati cha mota, na utapata nguvu ya msokoto: mota yako inatoa takriban nyutonimita 26.5. Kwa uwiano wa 20, shafti ya kutokea inazunguka mara 72 kwa dakika, na msokoto, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano wa womu (nachukua ufanisi wa asilimia 85 hivi), unafika 450. Elevata huweza kuwashwa ndoo zikiwa zimejaa, kwa hiyo mimi huzidisha kwa 1.5 na kutafuta giaboksi ambayo jedwali la mtengenezaji linairuhusu kubeba 675 au zaidi kwa uwiano huohuo. Muuzaji akikujibu kwa nguvu ya farasi peke yake, omba jedwali.

Sasa ile ya 30. Shafti itashuka hadi mizunguko 48, na wengi hudhani hasara ni kupungua kwa tani kwa theluthi moja tu. Kwa elevata inayomwaga kwa kurusha, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa nguvu ya kuirusha nafaka pale juu hufuata mraba wa mwendo. Mwendo ukibaki theluthi mbili, nguvu hiyo inabaki chini ya nusu. Mahindi hayafiki kwenye mdomo wa kutokea, bali humwagika ndani na kurudi chini, na utayasikia yakigonga bati la mguu wa elevata huku sanduku la chini likijaa hadi mkanda ukwame. Kama giaboksi yako inaendesha puli ya juu kwa mnyororo, unaweza kuurudisha mwendo wa 72 kwa sproketi ya meno 24 kwenye giaboksi na ya meno 16 kwenye puli. Hata hivyo, msokoto wa giaboksi hiyo utakuwa kama nyutonimita 640 (kwa uwiano wa 30 nachukua ufanisi wa asilimia 80 hivi), na kwa mnyororo wa inchi moja, sproketi ya meno 24 ina kipenyo cha karibu milimita 195, maana yake shafti inavutwa upande mmoja kwa uzito wa zaidi ya kilo 650. Hakikisha mtengenezaji anauruhusu mzigo huo wa pembeni, na sproketi iwe karibu na beringi kadiri inavyowezekana.

Kuhusu kaplingi, kama flanji inalingana, funga mota moja kwa moja na usahau kaplingi, ila paka shafti grisi ya shaba kabla ya kuiingiza, la sivyo siku ya kuitoa utakuta unga mwekundu wa kutu na kii (kipande cha chuma kinachozuia shafti kuteleza) iliyong'ang'ania. Kama huna flanji, upande wa mota weka kaplingi ya meno yenye mpira katikati. Msokoto wa pale ni mdogo na mpira hupunguza mshtuko wa kuwasha. Kaplingi ya mnyororo hufaa upande wa polepole. Kwenye mizunguko 1,440 hutupa grisi, na katika kinu grisi ikichanganyika na vumbi la unga hugeuka ugali mkavu unaozuia mnyororo kupata mafuta. Usiigonge kaplingi kwa nyundo, kwani beringi ndizo zinazopokea pigo. Ipashe moto hadi nyuzi 100 hivi ndipo uisukume.

Kunyoosha shafti kwa macho hakutoshi hata kama kuna mpira. Tumia dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo sana), na kabla ya hapo legeza boliti za miguu ya mota moja moja: mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, weka shimu (kibati chembamba) chini yake.

Usitegemee womu ya 20 kwa 1 ishikilie mzigo umeme unapokatika. Wapo wanaoamini kila womu hujifunga yenyewe, lakini kwa uwiano huu mkanda uliojaa unaweza kuizungusha kinyume, kwa hiyo funga kizuizi cha kurudi nyuma kwenye shafti ya juu.

Giaboksi ikifika, angalia imekusudiwa kukaa mkao gani, kwa sababu kiwango cha oili hubadilika kulingana na mkao, na toa kizibo cha usafirishaji uweke kile chenye tundu la kupumulia, kikiwa juu. Isipopumua, joto litaisukuma oili nje kupitia sili.