Lazima au hiari? Mimi nauliza nani atarudi matopeni

Wiki hii mmeuliza kama shule iwalazimishe watoto kufanya kazi za kujitolea. Jibu langu ni la, wasilazimishwe, ingawa najua kwenye CBC, huu mtaala wetu wa Kenya, huduma kwa jamii imeshawekwa ya lazima huko senior school, yaani Grade 10 hadi 12, iko pale pale na Kiingereza na Kiswahili, kwa hivyo wengine watasema mjadala umefungwa. Kwangu haujafungwa. Kinachoniuma ni hizi kazi zenyewe wanazopewa. Mtoto anapewa kitu ambacho akifanya asifanye hakuna mtu atakayejua kesho yake. Wanafagia barabara iliyofagiliwa asubuhi na wafanyikazi wa kaunti. Wanaenda nyumba ya mayatima na unga na mafuta ya kupikia, halafu wale watoto wa pale wanapangwa mstari waimbe na wapigwe picha na wageni wao, na basi likiondoka limeondoka.

Nitatoa mfano mmoja na mtanivumilia nikikaa nao maana bado unanikaa rohoni.

Mnakumbuka ule msimu nchi nzima ilikuwa inapanda miti, serikali imetangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, hadi tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa siku kuu ya kupanda. Basi baadaye kidogo shule ya kijana wangu ikatangaza watoto wataenda kupanda mikoko upande wa Mwache, huku karibu na Mombasa, kuna kampuni imedhamini tisheti na soda. Wazazi tukaalikwa, nikaenda. Ukipita barabara ya Dongo Kundu pale daraja la Mwache unaliona lile tope tupu, wageni wanadhani ndivyo palivyo siku zote, kumbe palikuwa msitu. Mvua za El Niño za 1997 na 98 zilishusha udongo mwingi sana kutoka juu, ukafunika mizizi, na mkoko unapumua kwa ile mizizi iliyo nje, ukiifukia umeukaba. Ikafa mikoko eneo kubwa.

Sasa kupanda mikoko kuna saa yake. Lazima maji yapwe vizuri, na bamvua ndio nzuri, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, unaingia yakiwa yameondoka unatoka kabla hayajarudi. Kina mama wa kikundi cha pale, ambao ndio wenye kitalu na ndio waliokuza ile miche, walikuwa wamefika alfajiri wamejifunga leso wako tayari. Watoto wakafika. Tenti imefungwa, maiki imewekwa, tukaambiwa tusubiri mgeni wa heshima. Tukasubiri. Akaja, akaongea, akaongea mwengine, akaongea wa kampuni, pakaimbwa, na mimi nimekaa namtazama nyanya mmoja wa kile kikundi anayaangalia maji tu, haangalii tenti kabisa. Akamwendea mwalimu akamwambia kwa heshima, mwanangu, maji yanarudi. Mwalimu akasema dakika tano mama.

Walipoachiliwa watoto maji yalikuwa yashaanza kuingia kwenye vijito. Wakakimbia na miche, wanacheka, wanateleza, watoto ni watoto, na wakaelekezwa mbele kabisa upande wa maji kwa sababu huko ndiko picha inatoka vizuri, nyuma unaona bahari. Nyanya akasema huko mbele sio pa mkoko, huko mbele hukaa mlilana, mkoko wenyewe unakaa nyuma yake kidogo, na mchu huko karibu na nchi kavu, zote ni aina za mikoko lakini kila mmoja ana pake. Hakuna aliyemsikia. Miche mingine ilichomekwa na viriba vyake, yaani plastiki yote matopeni, mizizi itatokea wapi? Nusu saa kazi imekwisha. Ikatangazwa kwenye maiki idadi ya miche iliyopandwa, makofi, picha, soda, basi.

Kina mama walibaki. Niliwaona wameinama maji magotini wanachomoa viriba.

Kijana wangu, alikuwa Grade 6 wakati huo, aliporudi nyumbani alikuwa amefurahi kweli, sikumvunja moyo. Lakini bamvua iliyofuata nilimchukua nikamrudisha, hakutaka, ilikuwa Jumamosi na kulikuwa na mpira, nikamwambia twende. Mbele kule hapakuwa na kitu. Michache imelala, mingine imeliwa na kaa, iliyobaki imebebwa na maji. Akaniuliza, mama, wangu uko wapi? Sikuwa na la kumwambia. Pembeni kulikuwa na watoto wa kijiji kile kile, wadogo kuliko yeye, wamekuja na mama zao, na kila mmoja anajua mstari wake. Kuna msichana alimwonyesha mche kwa mche, huu umeshika, huu kaa ameukata, huu nitabadilisha, na akamfundisha kuichomeka ile mbegu ndefu ya mkoko moja kwa moja bila kitalu, theluthi moja ndani ya tope na upande wa chipukizi uangalie juu. Msichana hakuwa na tisheti ya mradi wala cheti.

Na haya sio mambo mageni Kenya hii. Wangari Maathai alipoanza Green Belt, lile vuguvugu lake la kupanda miti, 1977, kina mama walipewa pesa kidogo kwa mche ulioshika, sio kwa kuchomeka tu. Gazi, huko Kwale, Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, inauza hewa ya ukaa ya msitu wa hekta 117, yaani wanunuzi wanalipia ile hewa chafu ambayo msitu unaihifadhi, na pesa inarudi kijijini, maji ya bomba, shule, na wanakijiji wenyewe wanakaa kuamua iende wapi. Mtoto wa Gazi akiona darasa limekarabatiwa anajua linahusiana vipi na lile tope. Huyo huhitaji kumfanyia hotuba.

Sasa hapa ndipo nimekwama kidogo, maana nilianza kwa kusema wasilazimishwe, na hapa nasoma nilichoandika naona yule msichana pia hakuulizwa kama anataka. Mama yake alimwambia beba ndoo twende. Wangu vile vile, ningemwachia achague angekuwa mpirani hadi leo, na sasa bamvua ikifika saa nyengine yeye ndiye ananikumbusha, saa nyengine ananuna lakini anaenda. Kwa hivyo sijui tena kama ile la yangu inasimama.

Basi nasema hivi, walazimishwe, lakini nina masharti na nayashikilia. Mahali pawe pamoja kwa mwaka mzima, watoto wale wale, sio leo ufuo kesho hospitali keshokutwa kupaka rangi mawe. Wenyeji wa pale ndio waamue kazi gani na saa ngapi, na mwalimu asikilize nyanya. Maksi, kama lazima kuwe na maksi, zitolewe kwa kurudi na kujua nini kimekufa na kwa nini kimekufa, hata kama miche yote imekufa. Na isiwe mlango wa kumtuma mtoto kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu halafu ikaandikwa kwenye fomu kuwa ni huduma, haya yapo na wazazi tunayajua.

Nauli ni shida nyengine. Sio kila shule ina basi na jozi moja ya gumbuti, vile viatu vya mpira vya kuingilia matopeni, ni bei ya unga wa wiki. Shule ambayo haiwezi kufika mbali itafute karibu, hakuna mtaa usio na mzee anayeishi peke yake na mtungi hauna maji, watoto watatu wapewe mzee mmoja na wajue dawa yake anakunywa saa ngapi, na mzazi mmoja awe anafuatilia. Wale wa Grade 9 muhula wa tatu waachwe na mtihani wao, hapo sibishani na mzazi yeyote.